Rangi ya kijani ya mchicha: jinsi ya kuitoa, na ile ya unga inayouzwa dukani

Wateja wa keki siku hizi wanauliza rangi imetoka wapi, hasa keki ikiwa ya mtoto. Kijani cha chupa kinachouzwa madukani mara nyingi ni mchanganyiko wa njano E102 na bluu E133, na hakuna jani hata moja ndani yake. Kijani cha jani ni klorofili, na unaweza kuitoa jikoni kwako kwa blenda na kitambaa cha kuchujia tui.

Hatua ya 1: Chagua majani
Chukua mchicha wa kijani au spinachi iliyovunwa leo. Chambua, tupa mashina, osha. Mchicha mwekundu uache, maana wekundu wake unatoka pamoja na kijani na unapata rangi ya tope. Kisamvu nacho usikiguse hata kama kimejaa uani: kibichi kina sianidi, na moto tutakaotumia hapa hautoshi kuiondoa.

Hatua ya 2: Saga na uchuje
Nusu kilo ya majani, glasi mbili za maji baridi. Saga mpaka yalainike kabisa, kisha kamua kwa kitambaa kwa nguvu zako zote. Usitie chumvi, na ndimu ikae mbali.

Hatua ya 3: Pasha, usichemshe
Kazi yote iko hapa. Mimina ile juisi kwenye sufuria, moto mdogo, bila mfuniko, ukikoroga polepole. Inapofika kama nyuzi 65 hadi 70, protini za jani zinagandamana na kubeba klorofili. Kama huna kipimajoto, tumia macho: mvuke unaanza, povu linajikusanya pembeni, halafu juisi inajigawa kama maziwa yaliyokatika. Mabonge madogo ya kijani yanaelea juu, na chini yake yanabaki maji ya manjano yaliyofifia. Epua hapo hapo, na sufuria uiweke ndani ya beseni la maji ya barafu.

Ukichelewa rangi inageuka kaki. Katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna magnesiamu. Joto na asidi ya jani lenyewe huing'oa, hidrojeni inakaa mahali pake, na kijani kinakufa. Ndiyo sababu ya kutofunika sufuria: sehemu ya asidi hiyo inatoka na mvuke. Bibi zetu waliotia magadi kwenye mboga walikuwa wanapambana na asidi hiyo hiyo, ila magadi yakizidi mboga inarojeka na vitamini C inapotea.

Hatua ya 4: Chuja mara ya pili
Tandaza kitambaa safi juu ya bakuli, mimina, acha ijitiririkie yenyewe. Kwenye kitambaa utabaki na rojo zito la kijani, vijiko vichache tu vya chakula. Weka kwenye friji kwa siku mbili, au ligandishe kwenye trei ya barafu. Usiliache kwenye mwanga.

Hatua ya 5: Litumie panapolifaa
Klorofili hupenda mafuta, kwa hiyo krimu ya siagi ya kupambia keki na aiskrimu ndizo zinazotoa kijani kizuri zaidi. Kwenye chapati, kanda kijiko kimoja cha chakula kwa nusu kilo ya unga. Ndani itabaki kijani, juu itaungua kahawia kama kawaida. Kwenye keki yenyewe sikushauri, tanuri linaifubaza. Kwenye juisi ya ndimu, pasheni na mtindi usiitie kabisa.

Ukihitaji kijani kinachostahimili moto
Hapo nunua klorofilini ya shaba, inayoandikwa E141 kwenye lebo. Kiwandani klorofili hutiwa alkali ili mkia wake wa mafuta ukatike na iyeyuke kwenye maji, kisha shaba inawekwa palipokuwa na magnesiamu. Shaba haing'oki kirahisi. Unga wake ni wa kijani kilichoiva, karibu na weusi: chovya ncha ya kijiti cha meno, yeyusha kwenye kijiko cha maji ya uvuguvugu, ongeza kidogo kidogo. Kwenye kinywaji kikali cha ndimu, klorofilini ya kawaida hujitenga na kutua chini, hivyo jaribu kwenye glasi moja kwanza. Ulaya inaruhusiwa kwenye vyakula vingi. Marekani, tangu 2002, imeiruhusu kwenye unga wa vinywaji vya jamii ya machungwa tu, isizidi asilimia 0.2.

Usijaribu kujitengenezea kwa mrututu (salfeti ya shaba). Karne ya 19 njegere za kopo za Ufaransa zilikolezwa kijani hivyo, lakini mrututu ni sumu na jikoni huna namna ya kupima uliobaki.

Na habari za afya?
Chupa za klorofili zinauzwa kwa maneno kwamba "inaongeza damu" kwa kuwa molekuli yake inafanana na ya damu. Zinafanana umbo, lakini damu inahitaji madini ya chuma, na klorofili haina chuma. Mwenye upungufu wa damu aende akapimwe.

Kama dawa, matumizi ya klorofilini yaliyokubaliwa Marekani ni ya kupunguza harufu kwa watu wanaovaa mfuko wa choo tumboni baada ya upasuaji, miligramu 100 hadi 200 kwa siku. Kubwa kuliko hilo, kwetu tunaokula ugali, ni utafiti wa Qidong, China, uliochapishwa 2001. Watu 180 waligawanywa. Waliomeza klorofilini miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi minne, alama ya madhara ya sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi) kwenye mkojo wao ilikuwa pungufu kwa asilimia 55 kuliko ya wenzao wasioimeza. Klorofilini huishika sumu hiyo tumboni kabla haijafyonzwa. Kilichopimwa ni mkojo, si saratani, kwa hiyo mahindi yenye ukungu bado ni ya kutupa.

Ukimeza klorofilini, choo kitakuwa cha kijani, usishtuke. Wajawazito waulize daktari kwanza. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kula rojo la mchicha kila siku: lina vitamini K nyingi, nayo inapunguza nguvu ya dawa hiyo.