Kabla Hujanunua Mche: Mambo ya Kuzingatia Unapochagua Miti ya Nyumbani Penye Uhaba wa Maji

Wengi wetu huchagua mti tukiwa kitaluni. Mche umenyunyiziwa maji asubuhi, majani yanang'aa, umekaa chini ya neti ya kivuli pamoja na wenzake, na moyo unaridhia hapo hapo. Lakini mti huo hautaishi kitaluni. Utaishi uani kwako, na siku itakayoupima ni ile ya mwisho wa kiangazi, ardhi imepasuka, upepo ni mkavu, nawe unahesabu ndoo zilizobaki. Kwa sababu hiyo kazi ya kuchagua mti ianze nyumbani, wiki kadhaa kabla ya kwenda kununua, na ianze na maji.

Pima kwanza maji uliyo nayo. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lenye mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 limepokea lita 1,000, na hata ukitoa yanayorukia nje na yanayokauka juu ya bati, mia nane hivi zinabaki. Zinakwenda wapi? Mvua inayofuata ikinyesha, toka nje na mwavuli uyafuate maji kwa macho. Utaona yanapotiririka na kupotelea barabarani, na utaona kibonde yanapotuama kidogo kisha yakazama. Kando ya kibonde hicho, mbali na msingi wa nyumba, ndipo mti wako mkubwa unapotaka kukaa. Mfereji mdogo wa jembe kutoka chini ya paa hadi hapo hukuokolea safari nyingi za bomba.

Hesabu pia miezi ya ukavu, usiishie kwenye jumla ya mvua ya mwaka. Milimita 600 zilizogawanyika katika misimu miwili zinaulea mti ambao milimita 600 zile zile, zikimwagika kwa miezi mitatu na kufuatiwa na ukame wa miezi tisa, zingeuua.

Baada ya maji, udongo. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, mahali unapokusudia kupanda. Lijaze maji, yaache yazame yote, kisha lijaze tena na upime kwa rula yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 7.5, miti mingi itaridhika hapo. Yakishuka chini ya sentimita 1, una udongo wa mfinyanzi uliokaza au tabaka gumu chini yake, na mizizi itakosa hewa kila mvua kubwa inaponyesha. Mwarobaini na mlonge, ambavyo husifiwa sana kwa kustahimili jua, havivumilii kabisa kusimama kwenye maji. Watu huvipanda kwenye udongo kama huo kisha wakalaumu ukame. Maji yakitoweka kwa dakika chache, udongo wako ni mchanga, nao unataka matandazo mazito, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, na mti wenye mizizi inayoshuka mbali.

Kama maji yako ni ya kisima, yaonje na uangalie ukoko mweupe kwenye udongo unaomwagiliwa mara kwa mara. Hiyo ni chumvi. Mparachichi na jamii ya michungwa huungua ncha za majani kwa chumvi ambayo mtende hauihisi, na mkomamanga huistahimili kwa kiasi cha kuridhisha. Maji ya kufulia nayo yanafaa kwa miti, ila sabuni nyingi hubeba sodiamu inayokazanisha udongo. Yamwage chini ya matandazo, leo mti huu, kesho ule, na yale yenye dawa ya kung'arisha nguo yaache kabisa.

Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapokosea. Kustahimili kiu ni jambo moja, kunywa kidogo ni jambo jingine. Mtende ni mti wa jangwani, lakini humea pale ambapo mizizi imefikia maji. Waarabu husema miguu yake imo majini na kichwa kimo motoni. Ukitaka ukuzalie vizuri, utaumwagilia sana. Mikaratusi mingi husimama imara wakati wa ukame, lakini hufanya hivyo kwa kuyavuta maji kutoka kwenye udongo ambao miti mingine inautegemea. Mathenge umepita wote: katika mgodi wa wazi huko Arizona, mizizi ya mti wa jamii yake, Prosopis, ilikutwa zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Mti wa namna hiyo hautakufa kwa kiu uani kwako. Swali ni nini kingine kitakachobaki hai karibu nao, na mbegu zake zitafika wapi zikiliwa na mifugo. Lusina nayo, ambayo hupandwa kwa ajili ya malisho, imo katika orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi duniani. Kwa hiyo kabla ya kuupokea mti wowote unaosifiwa kwa kukua haraka bila matunzo, waulize maafisa wa misitu au kilimo wa eneo lako kama umeorodheshwa kuwa vamizi. Jibu hubadilika toka mahali hadi mahali. Mwarobaini wenyewe unathaminiwa katika nchi nyingi, na kaskazini mwa Australia ni gugu lililotangazwa kisheria.

Njia bora ya kupata majina ni kutembea. Mwishoni mwa kiangazi, zunguka kwenye viwanja visivyo na mtu wa kumwagilia, makaburi ya zamani, kingo za reli, uone miti gani bado ina majani na ipi imeyadondosha lakini matawi yake yangali mabichi ukikwaruza gome kwa ukucha. Miti hiyo imeshafaulu mtihani ambao mche wa kitaluni haujaufanya. Huenda ukakuta mkwaju, unaokua polepole lakini una mzizi mkuu unaozama mbali na kivuli cha kudumu vizazi. Huenda ukakuta mkunazi, ambao hudondosha majani ukame ukizidi na kuchipua tena, wenye matunda na miiba vilevile. Migunga ni mizuri mno kwa hali kame, ila pima miiba yake dhidi ya watoto wanaocheza peku. Upo mmoja wa jamii hiyo, Faidherbia albida, wenye tabia ya kipekee: hubaki na majani kiangazi na kuyadondosha mvua zinapoanza, kwa hiyo hukupa kivuli wakati unaouhitaji na kuiachia mimea ya chini mwanga wakati wa kupanda. Mzeituni huvumilia ukame kwa miaka mingi, lakini bila majira ya baridi hutoa maua machache au hautoi kabisa. Ukiutaka kwa kivuli sawa, ukiutaka kwa zeituni penye joto mwaka mzima utasubiri bure.

Kisha simama uani saa tisa alasiri na uangalie ukuta gani unaungua. Kivuli kinachoangukia ukuta wa magharibi na madirisha yake hupunguza joto la nyumba kuliko mti uliopandwa getini kwa urembo. Kama kwenu kuna msimu wa baridi, mti unaopukutisha majani msimu huo hukuachia jua linapohitajika. Upande unakotoka upepo mkavu nao unahitaji kizuizi, kwa sababu upepo huo hunyang'anya mimea maji hata udongo ukiwa na unyevu.

Pima ukubwa wa mti mzima, usipime mche. Mizizi inayofyonza maji hukaa zaidi katika sentimita 60 za juu na husambaa kupita ukingo wa matawi, mara nyingi mbali kuliko mtu anavyodhani. Weka mti mkubwa mbali na shimo la maji taka na mabomba ya zamani, maana mizizi hufuata unyevu unaovuja kwenye maungio. Juu, angalia nyaya.

Idara ya maji ya Denver, Marekani, ilipobuni jina xeriscape mwaka 1981 kwa bustani zinazookoa maji, moja ya desturi zilizoenea pamoja nalo ni kuweka mimea yenye kiu sawa mahali pamoja. Ukiwa na mti mmoja wa matunda unaotaka maji, uweke karibu na bafu au sinki, na miti yote inayojitegemea uipeleke mbali. Ukiichanganya, ama utaumwagilia mkwaju usiohitaji, ama utauua mwembe.

Sasa hesabu ndoo. Hata mti mgumu kuliko yote huanza maisha ukiwa mche wenye mizizi ya kujaa kiganja, na huhitaji maji yako kwa mwaka mmoja hadi miwili. Kadiria ndoo ya lita 20 kwa wiki kwa kila mche. Kwenye mchanga ongeza. Wiki 20 za ukavu ni lita 400 kwa mche, na miche mitano ni lita 2,000. Kama huna, nunua miwili. Miwili iliyotunzwa itakupa kivuli mapema kuliko sita iliyodumaa.

Kitaluni, usivutwe na urefu. Niliwahi kupoteza mti uliokuwa umefika kimo cha paa. Nilikuwa nimeumwagilia miaka minne bila kukosa, kisha upepo wa usiku mmoja ukaulaza. Nilipoufukua nikakuta mizizi minene imejizungusha kama kamba, umbo lile lile la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, nilichoununua nacho. Haikuwahi kutoka nje ya shimo. Tangu siku hiyo huomba kiriba kimoja kifunguliwe mbele yangu kabla sijalipa. Mizizi myembamba iliyotapakaa ni sawa. Iliyozunguka na kuwa migumu, rudisha. Mche mdogo hushika ardhi upesi, na mara nyingi huupita ule mrefu uliokaa kwenye kiriba muda mwingi.

Panda mvua zinapoanza, katika shimo pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi lakini lisilozidi kina chake, na shina linapotanukia mizizi libaki juu ya udongo. Matandazo ya sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Maji machache ya kila jioni huifanya mizizi ikae juu, kwa hiyo mwagilia kwa nadra lakini hadi chini. Ukitaka kujua yamefika wapi, dunga nondo nyembamba: itateleza hadi udongo mbichi unapoishia, hapo itakwama.

Mwaka wa pili anza kuruka wiki moja, kisha mbili, huku ukisogeza maji mbali na shina. Uangalie mti alfajiri, usiuangalie adhuhuri. Majani yaliyolegea mchana na kusimama tena kabla ya jua kuchomoza hayadai kitu. Yaliyoamka yangali yamelegea yanadai ndoo siku hiyo hiyo.