Namna ya Kumchagua Bata wa Chambo wa Mbao

Bata wa chambo ni sanamu ambayo wawindaji wa Marekani waliielesha majini ili kuwavuta bata wa porini, na wale wa kale waliochongwa kwa mkono sasa hutafutwa kwa udi na uvumba. Mwaka 2007 kazi mbili za mchongaji A. Elmer Crowell wa jimbo la Massachusetts ziliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1 kila moja.

Kabla ya kununua, mgeuze bata na umkague tumboni, ambako huenda ukaona kipande cha madini ya risasi kilichomzuia asipinduke, mahali pa kufungia kamba ya nanga, au chapa ya mchongaji.

Kisha chunguza rangi bila haraka, kwa kuwa rangi ya awali ndiyo thamani yenyewe. Ikiwa rangi imeingia ndani ya nyufa za mbao, yaelekea alipakwa upya baadaye, ingawa wawindaji wenyewe walifanya hivyo mara nyingi. Mimi humpendelea bata aliyechubuka kichwani, pale mkono ulipomshika alfajiri baada ya alfajiri, kuliko anayeng'aa kwa vanishi mpya.

Ukishampata, usimpake chochote, na umweke mbali na jua.