Namna ya kuandaa darsa ya maisha ya Sahibzada Abdul Latif

Abdul Latif ni mwanazuoni wa Kiafghani aliyemfuata Mirza Ghulam Ahmad, mwanzilishi wa Ahmadiyya, akapigwa mawe hadi kufa Kabul. Darsa ya kati ya magharibi na isha pale Ngamiani, Tanga, isivuke dakika 30. Weka dakika 20 za kusema na 10 za maswali. Kama unasoma karatasi, maneno 2,000 ndiyo mwisho. Ukizidisha utaanza kukimbia, na majina ya Kiafghani hayataki mbio.

Anza na majina, maana hapo ndipo wengi huteleza. Sahibzada ni lakabu ya heshima, siyo jina. Kisha kuna Abdur Rahman wawili: Amir aliyetawala Afghanistan hadi 1901, na mwanafunzi wa Abdul Latif aliyekwenda Qadian akauawa Kabul mwaka huohuo. Ukiwachanganya, wasikilizaji wataondoka wakidhani Amir ndiye shahidi. Mmoja mwite "Amir", mwingine "mwanafunzi", tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeamuru Abdul Latif auawe ni mrithi wa huyo Amir, Habibullah Khan.

Tundika ramani yenye alama tatu tu: Khost alikozaliwa 1853, Qadian, na Kabul. Qadian ipo Punjab ya India. Usiseme Pakistan, atatokea mtu wa kukusahihisha mbele ya watu.

Safari ipe muda mrefu kuliko kitu kingine. Mwaka 1902 aliaga kwenda Hija, akapitia Qadian, akakutana na Mirza Ghulam Ahmad, akakaa miezi kadhaa. Makka hakufika, usimwite "aliyetoka Hija". Aliporudi 1903 alikamatwa, akafungwa, akahojiwa na maulamaa. Masimulizi ya Waahmadiyya yanasema mnyororo ulimshika kutoka shingoni hadi kiunoni. Tarehe 14 Julai 1903 alifukiwa hadi kiunoni, akaambiwa mara ya mwisho aikane imani yake kwa Mirza Ghulam Ahmad, akakataa, akapigwa mawe. Hapo nyamaza kidogo. Usiongeze damu, kisa chenyewe kinatosha.

Wazee wa Tanga wape nanga ya mwaka: 1903 mji uko chini ya Wajerumani, reli ya Usambara imeshafika Korogwe, Mombo bado.

Tenganisha vyanzo kwa sauti. Mirza Ghulam Ahmad aliandika Tadhkiratush-Shahadatain mwaka huohuo. "Mashahidi wawili" wa jina hilo ni mwanafunzi na mwalimu wake. Kwa upande wa nje yuko Frank A. Martin, mhandisi Mwingereza aliyemtumikia Amir, ambaye kitabu chake kilitoka 1907. Huyu hakuwa Mwahmadiyya, kwa hiyo msikilizaji mgumu humpa sikio zaidi.

Tanga ni mji wa madrasa, na barazani watakuwepo majirani Wasunni. Linapokuja suala la Mirza Ghulam Ahmad kuwa Masihi aliyeahidiwa, sema "Waahmadiyya wanaamini", kisha endelea na kisa. Ukiingia kwenye mjadala wa utume, dakika zako 20 zimekwisha na Abdul Latif hajafika Kabul.

Maswali mawili hayakosi. La kwanza ni kipindupindu kilichoingia Kabul 1903: kilikuwepo kweli, ila kukiita adhabu ya kuuawa kwake ni imani ya msimulizi, nawe kitaje hivyo. La pili ni Niamatullah Khan, Mwahmadiyya mwingine. Naye alipigwa mawe Kabul, lakini ni 1924, zama za mtawala Amanullah. Mwandikie kadi yake pembeni usije ukampa kifo cha mwenzake.