Kuhama Dar es Salaam na watoto: namna ya kuchagua mji mdogo wa kuishi nje ya jiji la Arusha

Familia nyingi zinazohamia Arusha kutoka Dar es Salaam huanza na nyumba. Dalali hutuma picha za vyumba vitatu, marumaru, geti la chuma na Mlima Meru ukichungulia nyuma ya paa, na kabla mizigo haijafungwa kodi ya miezi sita imeshalipwa. Kosa la uamuzi huo halionekani wiki ya kwanza. Huonekana pale mtoto wa darasa la pili anapoamshwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri kwa sababu shule yake iko upande wa pili wa jiji, au pale jirani anapokueleza kwa upole kwamba maji ya bomba lako ni ya kufulia tu.

Mwongozo huu ni wa mzazi atakayefanya kazi Arusha mjini lakini anataka kuishi nje ya jiji: Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Ngaramtoni, Kisongo, au hata Boma Ng'ombe kule wilayani Hai. Nilihama hivyo hivyo nikiwa na watoto wawili, nikachagua vibaya, na nikalazimika kuhama tena kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana ninakushauri uweke nyumba kando kwanza, uulize mambo mawili: mtoto atakunywa maji gani, na atakaa barabarani saa ngapi kila siku.

Anza na maji

Mtu wa Dar es Salaam amezoea kuuliza kama maji yanatoka au hayatoki. Huku swali hilo halitoshi. Miteremko ya Mlima Meru imejengwa na mawe na majivu ya volkano, na maji yanayopita humo hubeba madini ya floraidi, mahali pengine kwa kiasi kikubwa mno. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania nayo imefika hapo baada ya miaka mingi ya kuruhusu hadi miligramu 4. Mji wa Maji ya Chai ulipata jina lake kutokana na mto wenye maji ya rangi kama chai ya rangi, na mto huo unajulikana kwa floraidi nyingi. Lakini usiitumie rangi kama kipimo. Floraidi yenyewe haina rangi wala harufu, na maji maangavu ya kisima kirefu yanaweza kuwa nayo tele.

Jambo hili linamhusu mtoto kuliko mtu mzima. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya fizi tangu mtoto anapozaliwa hadi anapokaribia miaka minane, na floraidi ikizidi katika kipindi hicho, meno huota yakiwa na madoa meupe au ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huathiri hata mifupa. Kwa hiyo mwenye watoto wa chekechea anapaswa kuwa mkali kuliko mwenye watoto wa sekondari.

Nilipokwenda kuona nyumba ya pili, nilimwamkia mama mwenye nyumba, na baada ya maongezi ya kawaida nikamwomba maji ya kunywa. Bomba lilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama. Hakuligusa. Aliingia jikoni, akainamisha dumu la njano la lita ishirini, akanijazia glasi. "Ya bomba si ya kunywa, mwanangu," alisema, "haya tunaletewa na bodaboda." Dalali, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa amenihakikishia kwamba maji si tatizo, alikuwa ameinamia simu yake. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wenzangu waombe maji ya kunywa kila nyumba wanayoonyeshwa, wakaangalie yanachotwa wapi.

Baada ya hapo uliza chanzo chenyewe: ni maji ya mamlaka, ni mradi wa kijiji, au ni kisima cha mtu binafsi? Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliogharimu shilingi bilioni 520, umebadilisha hali katika maeneo mengi ya jiji, lakini mtaa mmoja unaweza kupata maji ya chanzo kimoja na mtaa wa jirani ukapata ya kingine, kwa hiyo ulizia nyumba yenyewe na si kata nzima. Kisha jaza chupa safi na uipeleke kupimwa maabara ya maji. Pale Ngurdoto, upande wa Usa River, kuna kituo cha Wizara ya Maji kinachoshughulika na uondoaji wa floraidi, na ndicho kilichoendeleza matumizi ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchujia maji ya nyumbani. Mkaa huo hufanya kazi vizuri, ila huchoka na hubidi ubadilishwe; chujio lililosahauliwa jikoni kwa miaka ni pambo.

Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua sufuriani na floraidi hubaki pale pale. Maji ya mvua, kwa upande mwingine, hayana tatizo hili. Nyumba yenye mabati safi, mifereji na tanki la lita 5,000 lililotengwa kwa kunywa na kupikia ina thamani kubwa kuliko yenye marumaru. Na ukishaajiri dada wa kazi wa hapa hapa, mwombe asitie magadi kwenye maharage na makande ya watoto, kwa kuwa magadi nayo yana floraidi nyingi. Atakushangaa, maana maharage bila magadi hula mkaa mwingi, lakini mweleze sababu.

Hesabu saa za mtoto, usihesabu kilometa

Kanuni yangu hapa ni fupi: mzazi asafiri, mtoto asisafiri. Mtu mzima anaweza kukaa garini saa moja kila asubuhi akisikiliza redio. Mtoto wa miaka saba akifanya hivyo anafika darasani akiwa amechoka, na jioni hulala kabla ya kula. Kwa hiyo ukichagua mji mdogo, chagua pamoja nao shule iliyomo humo, au iliyo upande huo huo wa jiji.

Wazazi wengi hufanya kinyume. Huipenda shule fulani ya Njiro au Sakina, kisha hupata nyumba ya bei nafuu Usa River, na kujipa moyo kwamba basi la shule litamaliza mambo. Kabla ya kulipa ada, mtafute dereva wa basi hilo, si mwalimu wa mapokezi, umwulize: "Mtoto wa kwanza unamchukua saa ngapi, na wangu atakuwa wa ngapi?" Jibu hilo ndilo ratiba ya nyumba yako. Nilipouliza mimi, nilikuta binti yangu angekuwa wa pili kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa. Bweni nalo si njia ya mkato kwa watoto wadogo: waraka wa elimu wa mwaka 2023 ulizuia huduma ya bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne.

Ukitegemea usafiri wa umma, nenda ukasimame kituoni mwenyewe siku ya kazi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, na uhesabu. Vifodi, yaani daladala za huku, vinavyotoka mbali, hasa Usa River na Maji ya Chai, hufika vituo vya katikati vikiwa vimejaa, na konda akiona sare tatu za shule zimesimama pamoja hupiga bodi "twende", kwa sababu mwanafunzi hulipa nauli pungufu na kiti ni kile kile. Sikusimuliwa haya, nimeyatazama asubuhi nyingi. Mtoto anayeweza kutembea kwenda shule anaepuka balaa hili lote, na njia ya dakika ishirini kwa miguu, isiyovuka barabara kuu wala korongo, ni bora kuliko basi lolote.

Upande wa mashariki

Tengeru ndio mji ninaoupendekeza kwanza kwa familia inayohama mara ya kwanza. Uko kama kilometa 13 kutoka katikati ya jiji, na barabara ya njia nne inayotoka Sakina, yenye urefu wa kilometa 14.1, inafika hapo. Kuna hospitali ya wilaya ya Meru, kuna vyuo kadhaa kikiwemo Taasisi ya Nelson Mandela, na mahali penye wahadhiri na watumishi wengi wenye watoto hapakosi shule. Mzazi mwenye mtoto mwenye mahitaji maalumu aanze kuulizia Patandi, kwenye chuo kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Soko la Jumatano na Jumamosi hushusha gharama za jikoni kwa kiasi ambacho mtu wa Kinondoni hataamini, ingawa siku hizo pikipiki, mikokoteni na ndizi hujaa hadi barabarani, na mtoto asiachwe avuke peke yake.

Ukipita Tengeru, njia nne zinakwisha na malori ya mpakani Holili yanakuwa mbele yako. Usa River, makao makuu ya Halmashauri ya Meru, ina viwanja vikubwa, kijani tele na shule za kila aina, na inamfaa hasa mtu anayefanya kazi upande wa uwanja wa ndege wa KIA au asiyelazimika kufika ofisini kila siku. Barabara ya mchepuo ya kilometa 42.4 inayozunguka kusini mwa jiji kati ya Ngaramtoni na Usa River humsaidia mwenye gari kufika maeneo ya kusini bila kupita mjini; mpanda kifodi haimsaidii sana. Suala la maji lichukulie kwa uzito zaidi kadiri unavyoelekea Maji ya Chai.

Magharibi, na Boma Ng'ombe

Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, ina baridi inayowashangaza watoto wa Pwani: Juni na Julai andaa masweta mazito, soksi na maji ya moto ya kuogea. Hospitali ya Selian iko huko, gulio ni Alhamisi na Jumapili, na mji una uchangamfu wake. Kinachonitia shaka ni malori yanayoteremka kutoka Namanga. Februari 2024 lori lililokosa breki liliua watu 25 katika eneo hilo. Ukipapenda, tafuta nyumba na shule zilizo upande mmoja wa barabara kuu.

Kisongo na viunga vyake viko upande usiopata mvua nyingi ya Meru. Ni pakavu, pana upepo na vumbi, na mwenye mtoto wa pumu apatazame Septemba kabla ya kuamua. Viwanja ni vikubwa, basi.

Boma Ng'ombe ninaitaja kwa ajili ya wanandoa ambao mmoja anafanya kazi Arusha na mwingine Moshi, miji inayotenganishwa na kilometa 80 hivi. Iko karibu zaidi na Moshi, kwa hiyo wa Arusha ndiye atakayeumia. Faida yake ni kwamba watoto wanasoma pale pale, na ikitokea ugonjwa mzito hospitali ya KCMC ya Moshi si mbali.

Uhamisho wa shule

Hama Desemba ukiweza, ili mtoto aanze Januari na wenzake. Kabla ya kuondoka Dar es Salaam hakikisha una namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, maana bila hiyo uhamisho hausogei, na usimhamishe katikati ya mwaka mtoto aliyekwisha kusajiliwa kwa upimaji wa darasa la nne au mtihani wa kumaliza msingi. Kwa mujibu wa mtaala ulioanza Januari 2024, wanafunzi wa darasa la sita na wa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, kwa hiyo kidato cha kwanza cha 2028 kitakuwa na umati. Mwenye mtoto wa kundi hilo aangalie shule za sekondari zilizo karibu na nyumba kwa makini kuliko za msingi.

Masika ndiyo mkaguzi

Usinunue kiwanja mwaka wa kwanza. Panga nyumba, na ufanye hesabu kodi yako ikuvushe Machi, Aprili na Mei, kwa sababu Arusha inayoonyeshwa na madalali ni ya Agosti. Makorongo yanayoonekana makavu, ambamo watoto huchezea mpira, hupokea maji ya mlimani kwa ghafla hata pale ulipo pakiwa hapajanyesha. Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo katika Kata ya Muriet, ndani ya jiji lenyewe, na watoto wakapoteza maisha.

Kwa hiyo, nyumba yoyote utakayoipanga, mwulize mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa njia ya shule inakatwa na korongo gani, kama kuna daraja au ni mfereji wa kuvukia tu, na siku maji yakijaa watoto hupita wapi. Kisha, mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, vaa mabuti, mshike mtoto mkono, na mtembee njia hiyo pamoja hadi getini.