Somo: Historia ya kidato cha sita na njia ya kuingia chuo kikuu

Wadau, kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka naulizwa lilelile: "Mdogo wangu anapenda Historia, achukue tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita) gani?" Naandika mara moja, atakayeuliza mtumieni hii.

1. Anza na kozi. Fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), nakili masharti ya kozi tatu unazozitaka.

2. Chagua tahasusi yenye masomo yanayotakiwa na kozi hizo: HGL, HKL, HGK au HGE (H ni Historia, G Jiografia, K Kiswahili, L Kiingereza, E Uchumi).

3. Selform (fomu ya kuchagua tahasusi) ina tahasusi usiyoitaka? Badilisha kabla dirisha halijafungwa.

4. Hesabu pointi. Hapa ndipo nilipoumia, someni taratibu. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Kwa kawaida shahada inataka principal mbili, yaani A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, tena katika masomo yaliyotajwa na kozi hiyo. GS (General Studies) haimo. Mimi nilisoma HGE: Historia B, Jiografia C, Uchumi E. Nikajumlisha 8, nikaomba kozi tatu, zote za uchumi. Mstari wa mwisho wa masharti ulitaka ufaulu wa Hisabati kidato cha nne au BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati ya kidato cha tano na sita). Nilikuwa na F kotekote, maana kipindi cha BAM nilikuwa natoroka. Nikakataliwa kote, nikasubiri dirisha la pili, nikaingia ualimu. Msiache mstari hata mmoja.

MASWALI

— Nina A ya Historia na S mbili, pointi 6. Si napata?
Hapana. Principal ni moja. Rudia namba 4.

— Mkuu jibu vizuri, pointi si zinatosha?
Nimeshajibu. S si principal.

— Kaka, binti yangu anataka sheria. HKL au HGL?
Swali zuri, dada. Zote zinafaa. Aangalie sharti la Kiingereza, vyuo vinatofautiana. Kama Kiswahili ndiko anakopata alama za juu, aende HKL bila wasiwasi.

— Historia 2 (karatasi ya pili ya mtihani) inanitesa, insha zangu hazipati alama.
Acha kukariri notisi nzima. Chukua swali moja, mfano sababu za Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Andika hoja sita, kila moja na mfano wake: bei ya mkate, madeni ya mfalme, kodi zilizombana mkulima na kumwacha kabaila. Kisha iandike kwa Kiingereza, saa mbele yako, umpe mwalimu asahihishe.

— Dakika ngapi kwa insha?
Anza na 45, punguza kila wiki.