Namna ya Kutengeneza Gitaa la Sanduku la Biri na Kuliweka Sawa

Nchini Marekani, sheria za kodi za miaka ya 1860 ziliwalazimu watengenezaji wa biri kuzipakia katika masanduku, na sanduku la mbao nyembamba likibaki tupu halikukosa mtu wa kulitia nyuzi. Mchoro wa Edwin Forbes wa mwaka 1876 unamwonyesha askari akipiga fidla ya namna hiyo. Gitaa linaloelezwa hapa lina nyuzi 3 na halina freti, yaani vile vyuma vya kugawa shingo, nalo hupigwa kwa kutelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi.

Wanaoanza huhangaika na sanduku, ilhali kinachoamua kama gitaa litapigika ni shingo yake, ule ubao mrefu ambao nyuzi hupita juu yake. Tafuta ubao mkavu wa mti mgumu kama mninga, wenye urefu wa sentimita 90, upana wa milimita 38 na unene wa milimita 19. Uinue usawa wa jicho, uutazame kuanzia ncha hadi ncha kama wafanyavyo maseremala, na ukiona umepinda hata kidogo, uuache hapo hapo dukani. Shingo hupita ndani ya sanduku, chini ya kifuniko, na kutokeza sentimita 3 upande wa pili, kwa hiyo kata pengo katika kila ubavu, liwe la kuibana shingo bila kuilazimisha. Sehemu itakayokaa chini ya kifuniko ipunguze milimita 3 kwa patasi, kwa sababu kifuniko kikilalia ubao hakitetemi, na utasikia mlio wa mtu anayegonga meza.

Kichwa cha shingo nacho kipunguze kwa upande wa juu hadi kibaki na unene wa milimita 14 hivi, ili vikaza nyuzi vienee na nyuzi ziteremke zikishavuka bolti ya juu, ile inayolazwa chini ya nyuzi pale kichwa kinapoanzia. Kwenye mkia toboa matundu 3 membamba ya kushikia vichwa vya nyuzi. Matundu ya sauti yatoboe karibu na pembe za kifuniko. Mimi langu la kwanza nililitoboa mahali hasa palipotakiwa kukaa daraja, kile kinachoinua nyuzi juu ya kifuniko, nikalazimika kutafuta sanduku jingine.

Daraja ni bolti tu, iliyolazwa juu ya kifuniko bila gundi, milimita 635 kutoka bolti ya juu. Usiigandishe, kwani utaisogeza baadaye. Funga uzi wa tano, wa nne na wa tatu kutoka seti ya kawaida ya gitaa kavu, kisha uzilinganishe kwa noti za G, D, G: wa tano ulegezwe kutoka A hadi G, nyingine mbili zibaki kwenye sauti zake. Ukizipiga zote wazi, zinapatana zenyewe.

Sasa pima kimo cha nyuzi katikati ya safari yake, milimita 317.5 kutoka bolti ya juu. Milimita 5 zinatosha. Zikiwa chini zaidi, chupa hugonga ubao. Chora mstari hapo kwa penseli, weka chupa juu yake pasipo kukandamiza, na usikilize: sauti inapaswa kuwa ile ile ya uzi wazi, oktavu moja juu, yaani noti ile ile lakini nyembamba zaidi. Ikiwa iko juu mno, sogeza daraja kuelekea mkia. Ikiwa chini, lirudishe kidogo kidogo, ukilinganisha nyuzi upya kila mara.