Chungwa, karafuu na taa moja

Mtoto akikuuliza usiku unatoka wapi, usimjibu kwa maneno matupu. Chukua chungwa, lichome kijiti cha mshikaki toka juu hadi chini, kisha chomeka punje ya karafuu ubavuni, katikati: hapo ndipo kwetu. Zima taa zote, bakiza moja mezani. Mwache alizungushe chungwa polepole. Karafuu ikiingia gizani, kumekuchwa. Ikirudi kwenye mwanga, kumekucha. Mzunguko mmoja ni saa 24.

Majira ndiyo yanayosumbua, hata watu wazima. Wengi hudhani joto huja Dunia inapolikaribia Jua. Sivyo. Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, wakati Ulaya wanatetemeka kwa baridi! Sababu ni kwamba Dunia imeinama, nyuzi 23.5 hivi. Basi inamisha kijiti, mtoto aizunguke meza, lakini ncha ya juu ielekee ukuta ule ule muda wote. Tafadhali lisimamie hili, maana ncha ikigeuka pamoja na mtoto, majira yanapotea. Upande mmoja wa meza nusu ya juu ya chungwa itapata mwanga zaidi; upande wa pili, nusu ya chini.

Kisha tokeni nje. Kama mko Dar es Salaam, simikeni fimbo wima uani, mtie alama kwenye kivuli kifupi kuliko vyote, kati ya saa sita na saa saba mchana. Juni kitaangukia kusini, Desemba kaskazini. Mpe daftari aandike mwenyewe.